Tovuti ikikurudisha mwanzo kila mara, angalia kuki

Mzazi anaandika jina na neno la siri ili aone matokeo ya mwanawe kwenye tovuti ya shule. Ukurasa unafunguka, lakini akigusa popote anarudishwa pale pa kuingilia. Hudhani amekosea neno la siri, kumbe huenda simu yake imezuia kuki.

Kuki, au vidakuzi, ni maandishi mafupi ambayo tovuti huyahifadhi kwenye kivinjari ili ikutambue. Zilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape. Bila kuki, tovuti hukuona mgeni kila unapogusa.

Kwenye Chrome, gusa vidoti vitatu, ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti. Ruhusu kuki za tovuti unayoitembelea. Zile za watu wengine unaweza kuzizuia, kwani watangazaji huzitumia kufuatilia unachosoma.

Kama mtoto naye huchezea simu hiyo, usifunge ukurasa tu. Ondoka kwanza kwenye akaunti. Kuki inakumbuka simu, haijui aliyeishika ni mama au mtoto.