Mkono Umezoea Kona ya Kushoto

Mteja anaingia kwa fundi na HP EliteBook 840 G3 kwapani, kompyuta mpakato ya mtumba iliyomaliza miaka yake ya kwanza katika ofisi fulani Ulaya kabla ya kushuka bandarini. Betri inashika, skrini haina mstari, kibodi imefutika herufi mbili tu. Kilichomleta ni ujumbe: mashine yake haitimizi masharti ya Windows 11. "Kwani imeharibika?" anauliza. "Haijaharibika, dada. Imepitwa," fundi anajibu, huku akimwonyesha jina la prosesa: i5-6300U. Kesi yote imo kwenye ile 6 inayofuata mstari. Maana yake ni prosesa ya kizazi cha sita, na kwa Intel, ukiacha chache sana, Windows 11 inaanzia kizazi cha nane.

Mazungumzo ya namna hiyo yameongezeka tangu 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Kompyuta haikuzimika siku hiyo. Inawaka, inaandika barua, inacheza filamu kama jana. Kilichokoma ni viraka vya usalama vilivyokuwa vikija kila mwezi, kwa hiyo tundu linalogunduliwa leo linabaki wazi kwa mwizi yeyote anayelijua. Kwa mtu anayeingia benki kupitia kivinjari, hilo si jambo dogo. Upo mpango wa nyongeza unaofika 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye akaunti ya Microsoft. Ni kuvuta muda, na kuvuta muda kuna faida yake, mradi muda wenyewe utumike.

Utumike kwa nini? Wengi hudhani kazi ngumu ni kusakinisha mfumo mpya. Kusakinisha ni kazi ya nusu saa hivi. Kinachochukua wiki ni mkono.

Microsoft wenyewe walijifunza hilo kwa gharama. Kitufe cha Start kilikaa kona ya chini kushoto tangu Windows 95, na kizazi kizima kilikua kikipeleka kipanya pale bila kufikiri. Oktoba 2012 ikaja Windows 8, kitufe hakipo, badala yake skrini nzima ya vigae vilivyobuniwa kwa vidole. Watu wazima waliojua kazi zao wakawa wanatafuta namna ya kuzima kompyuta. Mwaka mmoja baadaye, toleo la 8.1 likakirudisha kitufe mahali pake. Windows 11 nayo ilipotoka 2021 ilikihamishia katikati, ila safari hii mlango uliachwa wazi: katika mipangilio ya mwonekano, sehemu ya upau wa chini, mtumiaji anaweza kuvirudisha vitu vyote kushoto. Anayekerwa na menyu fupi ya kubofya kulia ashike Shift kwanza, ndipo abofye; ile ndefu ya zamani itatokea. Mambo mawili hayo peke yake huondoa nusu ya manung'uniko.

Kwa yule mwenye kizazi cha sita, ziko mbinu za kuilazimisha mashine ipokee Windows 11, na mafundi wanazijua. Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine iliyoingizwa hivyo, kwa hiyo mteja anaweza kujikuta amerudi kulekule alikotoka. Njia iliyo safi zaidi ni Linux, mfumo ambao Linus Torvalds aliuanza Helsinki mwaka 1991 akiwa mwanafunzi, na ambao leo una matoleo mengi ya bure. Ubuntu, iliyotolewa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ina jina ambalo Mswahili halihitaji kutafsiriwa, kwa kuwa ni ndugu wa "utu". Linux Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu, ndiyo inayomfaa zaidi anayetoka Windows, kwa sababu ya kawaida kabisa: menyu yake iko kona ya chini kushoto.

Wala Kiswahili si mgeni huko. Mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kukokotolea iliyozungumza Kiswahili kwenye menyu zake.

Kuhusu namna ya kuhama, mfano bora umetoka kwa askari. Gendarmerie ya Ufaransa haikuanza na mfumo. Mwaka 2005 iliwapa askari wake OpenOffice ndani ya Windows ileile, kisha ikawapa kivinjari cha Firefox. Ilipofika 2008 na kuanza kuingiza Ubuntu, askari alikuta programu zake zote zimemtangulia. Kilichobadilika ni nyumba tu, vyombo ni vilevile. Jiji la Munich, kwa upande mwingine, lilihamisha kompyuta zipatazo 15,000 kwenda Linux, likatangaza kazi imekamilika 2013, na mwaka 2017 baraza lake likapiga kura ya kurudi Windows. Siasa zilikuwamo, na pia malalamiko ya nyaraka zisizoelewana na za ofisi nyingine.

Malalamiko ya nyaraka yana msingi. Barua iliyoandikwa kwa Calibri, ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na Calibri, inaweza kusukuma sahihi ya mkurugenzi hadi ukurasa wa pili. Dawa ipo: fonti ya Carlito ilichorwa kwa vipimo vilevile vya Calibri, hivyo mistari hukatika palepale. Jedwali la Excel lenye makro nzito ni habari nyingine. Mhasibu anayeishi humo, au mchoraji wa AutoCAD, abaki Windows na atafute mashine ya kizazi cha nane, mfano 840 G5.

Dada wa G3 anaandika barua, anatuma barua pepe na kuchapisha ankara. Kwake fundi anachukua flashi ya GB 8, anaipakia Linux Mint, anawasha mashine huku akibonyeza F9 na kuchagua flashi. Mfumo unafunguka bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski. Hapo ndipo pa kujaribu vitu vitatu vinavyoleta matata: Wi-Fi, sauti na printa. Printa ndiyo ya kuleta dukani, hata kama ni nzito, kwa kuwa modeli moja hutambulika yenyewe na jirani yake ikagoma.

Ukurasa wa majaribio unatoka. Dada anauliza diski D imekwenda wapi. Fundi anamfungulia kabrasha la Home: Documents, Pictures, Downloads, zote zipo, ila hapa hakuna C wala D. Dada anaitazama skrini kidogo, kisha anapeleka kipanya kona ya chini kushoto.