Sajini Leakey na Wenzake Watatu

Nairobi, katika Barabara ya Ngong, yapo makaburi ya askari waliokufa katika Vita Kuu ya Pili. Humo pana ukumbusho wa wale ambao makaburi yao hayajulikani. Miongoni mwao ni Sajini Nigel Gray Leakey wa K.A.R., aliyezaliwa Kenya mwaka 1913, akauawa Uhabeshi akiwa na umri wa miaka 28.

Tarehe 19 Mei 1941, askari wa 1/6 K.A.R. walikuwa wamevuka mto Bilate karibu na Colito, ndipo vifaru vya Waitalia vilipowashambulia kwa ghafula. Leakey alikuwa amekwisha kutumia mabomu yote ya mota zake. Hata hivyo alirukia juu ya kifaru kimoja, akafungua kifuniko chake kwa nguvu, akawaua waliokuwamo kwa bastola, isipokuwa dereva, ambaye alimlazimisha kukipeleka mahali pa kujificha. Alipoona mzinga wa kifaru hicho haufanyi kazi, alishuka akaviendea vingine kwa miguu. Waafrika watatu walifuatana naye: Sajini-Meja wa kompania na wenzake wawili. Vifaru viwili vikapita. Leakey akapanda cha tatu, akakifungua, akamwua mtu mmoja. Hapo bombom ya kifaru cha nne ikamwangusha.

Nishani yake ya Victoria Cross ilitangazwa mwaka 1945, mwenyewe hayupo. Hati ya nishani hiyo yamtaja yeye kwa jina, bali wale watatu haiwataji majina. Basi asomaye jina la Leakey na awakumbuke na wenzake, kwa kuwa hatari waliyoiendea ilikuwa moja.