Kutoka Ndosho hadi ziwani: matembezi na suala la makala

Muulize Mkongo wa Brussels namna ya kutembea mjini siku nzima bila kuharibu mazingira. Atakuambia acha gari, panda tramu, beba chupa yako ya maji. Ushauri huo ukiufikisha Ndosho, mtaa wa Goma, haumsaidii mtu. Watu wengi wa mtaa ule hawana gari la kuacha. Wanakwenda kwa miguu au kwa pikipiki, na bidon ya maji ya njano hutumika mpaka rangi inafifia. Kwetu Goma, madhara makubwa ya siku ya mapumziko yako kwenye chakula, yaani kwenye makaa yaliyokipika, ambayo sisi tunayaita makala. Ndugu wengi wa ughaibuni wanaokuja likizo hawalioni jambo hili, ndiyo maana nataka kueleza limeanzia wapi.

Ndosho iko magharibi mwa mji, katika komini ya Karisimbi, kando ya barabara ya Sake. Nyumba zake zimekaa juu ya mawe meusi ya Nyiragongo. Volkano hiyo ililipuka mwaka 1977, ikalipuka tena Januari 17, 2002, lava ikapita katikati ya mji na kufunika sehemu ya njia ya ndege. Mei 22, 2021 ililipuka tena, na lava ikasimama ukingoni mwa mji upande wa kaskazini. Mawe haya yana matundu, kwa hiyo mvua ikinyesha maji huzama chini. Goma haina mto, maji yake yanapandishwa kutoka ziwani, na mti ukipandwa uani hupata tabu kushika mizizi. Mji mkubwa namna hii umejengwa mahali pasipo na kuni.

Kuni ziko jirani, ila ziko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 1979. Mpaka wake unapita upande wa Mugunga, ukitoka Ndosho kuelekea Sake. Julai 1994 Wanyarwanda kwa mamia ya maelfu walivuka mpaka kukimbilia kwetu, na kambi zikawekwa Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo, ukingoni mwa hifadhi ile ile. Kila familia ilitaka moto wa kupikia, kila siku, kwa miaka miwili. Msitu uliokuwa karibu ukakatwa. Baadaye biashara ya makala iliangukia mikononi mwa wenye bunduki, wakiwemo waasi wa FDLR. Mwaka 2007 sokwe wa milimani wa kundi la Rugendo walipigwa risasi, pamoja na dume lao Senkwekwe, na mauaji hayo yakahusishwa na biashara hiyo. Na katika miaka hii ya karibuni, kina mama wa kambi za wakimbizi wa ndani kama Bulengo na Rusayo walishambuliwa na kubakwa walipokwenda kutafuta kuni. Siwezi kuandika habari za matembezi ya raha Goma nikalinyamazia hilo.

Tanuri la kienyeji ni lundo la magogo lililofunikwa majani na udongo, likaachwa lifuke moshi kwa siku kadhaa. Ili upate kilo moja ya makala, unaunguza kilo 6 hadi 10 za mti. Taka za plastiki, ikiwemo mifuko iliyopigwa marufuku nchini Desemba 2017, ni tatizo la kweli pia, na mitaro ya Goma inaonyesha hivyo, lakini ukiniuliza mimi, mfuko mmoja wa makala unaharibu zaidi.

Sasa siku yenyewe. Toka Ndosho asubuhi, vuka barabara ya Sake, teremka kwa miguu kupitia Kyeshero mpaka Kituku, ziwani. Njiani utakutana na chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, iliyochongwa kwa mikono, magurudumu yake yamevishwa vipande vya tairi kuukuu. Ikipanda inasukumwa, ikiteremka mwenyewe anaipanda, goti moja juu ya ubao, mguu mwingine ukipiga chini. Inabeba kabichi, viazi, mbao, na makala vilevile, bila tone la mafuta. Goma iliijengea sanamu ya rangi ya dhahabu mwaka 2009, na iliistahili. Jihadhari tu na mabonde madogo ya upande wa ziwani asubuhi na mapema: mazuku, hewa nzito ya ukaa itokayo ardhini, hutulia humo na inaua. Ukiona ndege au mbuzi wamekufa shimoni, usishuke. Watoto usiwaache wateremke peke yao.

Kituku nunua sambaza wabichi. Samaki hawa waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wavuvi huwatega usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja kwa miti mirefu. Sambaza wanaiva kwa dakika chache juu ya makala kidogo sana. Maharage makavu yanakula moto saa nyingi; mama akiyaloweka tangu jana jioni, kisha akafunika sufuria vizuri, ameokoa sehemu kubwa ya makala yake. Sombe, yaani majani ya muhogo, nayo inataka subira. Ukialikwa mahali kwa chakula cha mchana, uliza makala yametoka wapi. Tangu 2007 WWF imewasaidia wakulima wadogo wa Kivu Kaskazini kupanda miti kwenye mashamba yao wenyewe chini ya mradi wa EcoMakala, kwa hiyo makala yasiyotoka hifadhini yapo.

Njia nyingine ni umeme. Kituo cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilizinduliwa Desemba 2015 kikiwa na uwezo wa megawati 13 hivi, na umeme huo wa Hifadhi ya Virunga umefika nyumba nyingi za Goma. Vita vya Januari 2025 vilipokaribia mji vilikata nyaya, na familia zilizokuwa zimeanza kupikia umeme zikarudi kwenye makala. Kwa hiyo ukiwa Montréal au Nairobi na unamtumia dada yako hela ya kuwapeleka watoto ziwani Jumapili, muulize kwanza nyumbani wanapikia nini. Hela ya jiko linalobana makala, au ya sufuria ya umeme kwa aliye na mita, itamfaa kila siku ya juma.