Upweke, Ukiwa na Faragha

Mfasiri wa hati za ustawi wa wazee hukutana na swali lionekanalo jepesi: je, mzee ana upweke? Tuseme bibi wa Shangani, ambaye wanawe wako Maskati, ajibu ndiyo, akimaanisha kwamba nyumbani hamna mtu mwingine. Karani ataandika kuwa ana huzuni. Mzee wa Makunduchi mwenye nyumba iliyojaa wajukuu atajibu hapana, ilhali tangu wenzake wa barazani wafariki hana wa kusema naye. Wote wawili wamesema kweli, na hati imepotoka.

Upweke watokana na -pweke, sifa ielezayo umoja tu: mnazi pweke shambani hauna majonzi. Ni kweli kwamba wasemaji wengi hulitumia neno hili hata kwa huzuni, na ndipo utata ulipozuka. Lakini uchungu wa kukosa watu una jina lake, nalo ni ukiwa. Mwenye hali hiyo huitwa mkiwa, hata akiwa katikati ya soko la Darajani. Waandishi wa ofisini wamelisahau mno neno hili, labda kwa kuwa machoni lafanana na kitenzi, kama katika "ukiwa na swali". Muktadha huondoa shaka hiyo mara moja.

Upande wa kuridhika na kukaa peke yako ndio wenye taabu. Itikafu ni ibada ya msikitini, aghalabu katika kumi la mwisho la Ramadhani. Eda ya mfiwa, miezi 4 na siku 10, ni wajibu. Kutawa kulihusu mwanamke kukaa ndani kwa staha, na leo mtawa kwa wengi ni wa nyumba za Kikristo. Kujitenga kuna lawama: katika Mji Mkongwe, asiyetokea barazani huulizwa amenunia nini. Yabaki faragha, ambayo asili yake ya Kiarabu yahusu utupu na nafasi. Hata hivyo, faragha yaweza kuwa ya watu wawili, na wanasheria wamekwisha kuitwaa: ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 yaitaja kuwa haki.

Twapendekeza raha hiyo isemwe kwa kitenzi, kukaa faraghani, pasipo kuundiwa nomino mpya. Upweke ubaki kuwa hali ya kuwa peke yako, na ukiwa uwe uchungu wake. Nayo hojaji ya wazee iulize mambo mawili mbalimbali: "Unaishi na nani?" na "Je, unashikwa na ukiwa?"