Kabla umeze ile panadol ya tano

Jumatatu asubuhi hapa Nkoroi stori huwa moja. Wikendi ilikuwa moto, kichwa kinagonga, na kabla ya kudandia matatu ya Rongai unapitia kemisti kununua panadol. Mbili zikikataa, unaongeza mbili. Jioni unameza dawa ya homa, ambayo mara nyingi nayo ina parasetamoli ndani. Mimi nimewahi kufika kumi kwa siku moja, na nilijiona niko fiti kabisa.

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kuna somo moja halijawahi kunitoka: rangi zinazowaka ndani ya seli hai.

Ni molekuli ndogo zisizong'aa hadi zikutane na kemikali fulani. Moja maarufu inaitwa DCFH-DA. Inaingia kwenye seli ikiwa giza. Seli ikianza kushambuliwa na molekuli kali za oksijeni, rangi inawaka kijani chini ya hadubini. Yaani unaona seli ikiumia na bado iko hai.

Parasetamoli imechunguzwa sana kwa njia hii. Ini hugeuza sehemu ndogo ya dawa kuwa sumu iitwayo NAPQI, halafu kinga yake, glutathioni, inaizima. Ukizidisha dawa, kinga inaisha na molekuli kali zinafurika. Kwa panya wa maabara, rangi za kunasa molekuli moja kati ya hizo, peroksinitriti, zimeonyesha ini likiwaka ndani ya saa chache. Panya wakipewa N-asetilisisteini, mng'ao unapungua.

Sasa shida iko hapa: siku ya kwanza mtu anaweza kuhisi kichefuchefu tu, ama asihisi kitu. Hospitalini hutumia hiyo hiyo N-asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 8. Ukingoja macho yageuke manjano, ini limeshaumia.

Kwa mtu mzima mwenye afya, mwisho ni gramu 4 kwa saa 24, yaani tembe 8 za miligramu 500. Kama unapiga mtungi sana ama huli vizuri, hata hizo zinaweza kuwa nyingi. Soma pakiti ya dawa ya homa pia, uhesabu zote pamoja.

Na kama umeshapitisha, usijipime kwa vile unavyojisikia. Ita boda, enda hospitali leo, na ubebe pakiti.