Je, Wajua? Mama Micere na Kiti cha Mkuu wa Kitivo

Je, wajua kwamba Profesa Micere Githae Mugo alitimiza miaka 21 siku ileile Kenya ilipopata uhuru? Alizaliwa Baricho, Kirinyaga, tarehe 12 Desemba 1942, na uhuru ukaja 12 Desemba 1963. Kwa hiyo kila mwaka Kenya nzima ilikuwa mapumzikoni siku yake ya kuzaliwa, hata miaka ile ambayo serikali ya Kenya hiyohiyo haikutaka kumwona.

Kufikia siku hiyo alikuwa ameshapita mlango mmoja mgumu. Mwaka 1961, akitokea Alliance Girls, aliingia Limuru Girls, shule iliyokuwa imetengewa Wazungu. Alikuwa msichana wa kwanza Mwafrika kupokelewa pale. Kisha Makerere, alikohitimu mwaka 1966, kisha Canada kwa masomo ya juu. Mwaka 1973 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Je, wajua kwamba ndiye mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuwa mkuu wa kitivo cha chuo kikuu? Wapenzi wa fasihi humtaja kwa mashairi na tamthilia, na cheo hiki hukipitia mbiombio. Mimi naona kingestahili kutajwa mwanzo. Hakuteuliwa na mkubwa yeyote. Alichaguliwa na wahadhiri wenzake kuongoza Kitivo cha Sanaa. Kazi yenyewe haina ushairi: ratiba za mihadhara, maksi zilizochelewa, vikao vinavyoanza asubuhi na kuisha jioni. Na kipindi chenyewe kilikuwa kibaya. Ngugi wa Thiong'o, mwenzake katika idara ya fasihi, aliwekwa kizuizini mwisho wa mwaka 1977. Alipoachiliwa Desemba 1978 hakurudishiwa kazi. Mwaka 1980 chama cha wahadhiri kikapigwa marufuku. Mkuu wa kitivo aliyewatetea wenzake nyakati hizo alijua kuna masikio mengine yanayomsikiliza zaidi ya yale yaliyomo kikaoni.

Je, wajua kwamba uongozi huo ulimgharimu nchi yake? Mwaka 1982, mwaka wa jaribio la mapinduzi, alikimbia Kenya na binti zake wawili waliokuwa bado wadogo. Akavuliwa uraia. Mama wa watoto wawili, aliyekuwa na ofisi na jina, akaanza upya ugenini akiwa mwalimu mgeni. Walianzia Marekani, kisha Zimbabwe, nchi iliyokuwa imepata uhuru mwaka 1980 tu, ikampa kazi katika chuo chake kikuu na uraia juu yake. Wasimulizi wa siasa huhesabu wanaume waliofungwa enzi hizo. Mwanamke aliyelazimika kutafuta visa, nyumba na shule ya watoto kwa wakati mmoja huishia katika sentensi moja, kama anatajwa.

Je, wajua kwamba tamthilia aliyoandika na Ngugi, *The Trial of Dedan Kimathi*, ilichezwa Kenya National Theatre Oktoba 1976, na mwaka uliofuata ikaiwakilisha Kenya kwenye tamasha la FESTAC jijini Lagos? Kabla ya kuandika, wawili hao walifunga safari hadi Karunaini, kwao Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, wakaongea na watu waliomjua. Wanakijiji wakawasimulia mtu. Waraka wa wakoloni ulikuwa umewaachia gaidi.

Ushairi wake nao ulikuwa na desturi yake. Alipopanda jukwaani hakukubali hadhira ikae kimya na kupiga makofi mwishoni. Kwanza aliwafundisha kiitikio, akawafanyisha mazoezi, na ndipo akaanza shairi, yeye akitoa na ukumbi ukiitika. Mwanazuoni aliyekuja na kalamu na daftari alijikuta anaimba. Nadharia yake ya fasihi simulizi nayo aliichora kwa kitunguu: tabaka ndani ya tabaka, mtu akiwa ndani ya jamii na jamii ndani ya ulimwengu, kila moja likilishikilia jingine. Ameieleza katika kitabu kidogo kilichochapishwa Lesotho mwaka 1991. Mkusanyiko wake wa mashairi wa mwaka 1994 aliuita *My Mother's Poem and Other Songs*. Mama yake ndiye aliyepewa jalada.

Kuanzia mwaka 1993 alifundisha Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York, katika idara ya masomo ya Wamarekani Weusi, mpaka alipostaafu mwaka 2015. Aliishi na saratani miaka mingi na hakuacha kuandika wala kuhutubia. Alifariki hukohuko Syracuse tarehe 30 Juni 2023, akiwa na miaka 80.

Je, wajua kwamba unaweza kumsoma kwa Kiswahili? Tamthilia ile ilitafsiriwa na Raphael Kahaso kwa jina *Mzalendo Kimathi*. Ukiipata, mfuatilie mhusika anayeitwa Mwanamke tu, bila jina. Anapita mbele ya askari wa mkoloni akiwa na mkate, na bastola imo ndani ya mkate.