Chunga mkono wako mbele ya ordinatere



Tukisema juu ya hatari za kazi, unafikiri mara moja kofia, viatu vya chuma na vumbi la mgodi. Lakini siku hizi ordinatere iko pahali pengi: kwa mwandishi wa saa za kazi, katika magazini, katika dispansere, hata nyumbani ambako mtoto anaandika kazi ya masomo. Masini hii haikati kidole. Hata hivyo inaweza kuumiza mkono.

Mwangalie mwenzako anayeandika orodha ndefu ya majina. Kila mara anaacha klavie, anashika kipanya, anatafuta alama ndogo juu ya kioo, anabonyeza, anarudi. Kutwa nzima kifundo cha mkono kimekunjwa na bega limeinuka. Ikiwa kidole gumba, cha shahada na cha kati vinafanya ganzi, zaidi sana usiku, pengine mshipa wa fahamu unabanwa katika kifundo. Usingoje mpaka mkono uanze kuangusha kikombe. Njoo mapema tukuangalie.

Njia za mkato za klavie zinapunguza safari hizo za mkono, tena kazi inakwenda mbio. Shika kitufe cha Ctrl kwa mkono mmoja, gusa herufi kwa mkono wa pili. Usilazimishe vidole vya mkono mmoja kutanuka.

– Ctrl na C: kunakili maneno uliyochagua.
– Ctrl na X: kuyaondoa ili uyapeleke pengine.
– Ctrl na V: kuyabandika.
– Ctrl na Z: kutangua kosa ulilofanya sasa hivi.
– Ctrl na F: kutafuta jina katika orodha.
– Ctrl na S: kuhifadhi kazi.
– Alt na Tab: kupita toka dirisha moja hadi lingine.
– Windows na L: kufunga kioo unapoondoka. Mshahara wa mtu na ugonjwa wake ni siri.

Angalisho: vitabu vingine vinafundisha Ctrl na B kwa herufi nene. Katika Word ya Kifaransa ni Ctrl na G.

Kati ya hizi zote, mimi nilifundishwa Ctrl na S na kosa langu mwenyewe. Siku moja niliandika tangu asubuhi majina ya watu wa kuitwa kwa picha ya mapafu. Sikuhifadhi hata mara moja. Umeme ukakatika, orodha yote ikapotea. Nikaiandika tena kwa haraka, na jina la baba mmoja likabaki nje. Alikuja mwenyewe kuuliza sababu gani wenzake wameitwa na yeye hapana. Nilimwomba radhi, akapigwa picha. Je, kama asingekuja? Tangu siku ile, kila majina kumi, Ctrl na S.

Jihadhari pia na C na V. Masini inanakili kosa upesi kama inavyonakili kweli. Ukibandika matokeo ya mtu mmoja kwenye mstari wa mwingine, mgonjwa ataambiwa ni mzima. Kila ukibandika, soma tena jina na nambari. Haraka haraka haina baraka.

Na usisahau kupumzika. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali kama metre 6 kwa sekunde 20. Weka viwiko karibu na mwili, nyoosha vifundo, simama na kutembea kidogo.

Juma hili jifunze njia mbili tu, juma lijalo mbili nyingine. Kisha mfundishe bibi yako au bwana yako, na watoto. Viatu vikichakaa, magazini itakupa vingine. Mkono mwingine haitakupa.